Kompyuta Zinazobaki Mradi Ukiondoka

Miradi ya misaada inayopita Goma, mashariki mwa Kongo, huandikiwa tarehe ya mwisho kabla hata haijaanza: miezi kumi na minane, miaka mitatu, ikibahatika mitano. Siku hiyo ikikaribia, mhasibu na mtu wa lojistiki huketi na orodha ya mali. Pikipiki, jenereta, meza, mashine ya kuchapa, kompyuta. Kila kitu kina namba yake juu ya kibandiko chenye nembo ya mfadhili. Hati ya makabidhiano inaandaliwa, pande mbili zinatia sahihi, picha inapigwa, faili linafungwa. Ndivyo kanuni zinavyotaka. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, unadai vifaa vilivyonunuliwa kwa fedha zake katika miradi ya nje vikabidhiwe kwa walengwa au kwa washirika wa pale pale, kabla au wakati wa kuwasilisha ripoti ya mwisho. Ni kanuni nzuri, maana inazuia mali ya umma kuishia majumbani mwa wakubwa. Lakini inakomea kwenye sahihi, na wakati huo kompyuta ndiyo kwanza inaanza kuzeeka. Nimesoma hati nyingi za namna hiyo. Sijaona iliyosema kompyuta itakwenda wapi siku itakapokufa.

Goma ina hati hizo nyingi kuliko miji mingi ya ukubwa wake. Tangu Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipoingia kwa mamia ya maelfu ndani ya siku chache, mji huu umekuwa makao ya mashirika ya misaada. Volkano ya Nyiragongo ikalipuka tarehe 17 Januari 2002, lava ikapita katikati ya mji na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege, mashirika yakaongezeka. Kikosi cha amani cha Umoja wa Mataifa, MONUC, kikageuka kuwa MONUSCO. Wakaja waasi wa M23 kwa mara ya kwanza, walioingia mjini Novemba 2012, halafu Ebola ya 2018 hadi 2020, halafu volkano tena, Mei 2021. Kila janga lilileta ofisi, na kila ofisi ilileta kompyuta zake. Kando ya njia hiyo kuna njia ya wafanyabiashara: laptopu zilizokwisha kutumika Ulaya na Ghuba, zinazopitia Dubai, kisha Mombasa na Kampala, au Dar es Salaam na Kigali, hadi madukani kwetu. Wanafunzi wa vyuo vya UNIGOM, ULPGL na ISIG huandika tasnifu zao kwenye laptopu hizo. Mashine mpya ni ya wachache.

Januari 2025 hata ule utaratibu wa hati ulivunjika. Washington ilisimamisha misaada yake ya nje tarehe 20, na kabla wiki mbili hazijaisha M23 ilikuwa imeshika Goma. Maghala ya mashirika ya misaada yaliporwa, uwanja wa ndege ukafungwa, mabenki yakafungwa. Miradi iliyokuwa na miezi au miaka mbele yake ikakatika bila mhasibu wala orodha. Kompyuta zilitoka ofisini kwa mlango, kwa dirisha na kwa mabega ya watu, zikaingia mjini. Ziko humo hadi leo.

Mashine inayoachwa Brussels aghalabu huachwa kwa sababu imepitwa na wakati. Ya Goma huugua. Umeme wa SNEL, shirika la taifa, unatoka mabwawa ya Ruzizi, kusini mwa Ziwa Kivu. Ule wa kampuni ya Virunga unatoka Matebe, Rutshuru, kituo cha megawati 13.8 kilichozinduliwa Desemba 2015. Matebe ilileta afueni kubwa, nani asiyekumbuka. Hata hivyo nyaya hupita kwenye maeneo ya mapigano, na zikikatwa mji unarudi kwenye jenereta na paneli za jua. Umeme ukirudi kwa kishindo, huumia kwanza kile kisanduku kinachopokea umeme ndani ya kompyuta, kisha kapasita za kwenye bodi, ambazo huvimba vichwa hadi zionekane kwa macho. UPS iliyonunuliwa na mradi ilikuwa kinga, lakini betri yake haivuki sana miaka mitatu, na bajeti ya kuibadilisha iliondoka na mradi. Kuna vumbi pia. Vumbi la Goma ni lava iliyosagwa na magurudumu, jeusi na lenye makali. Linaziba feni, prosesa inachemka, mashine inajizima katikati ya somo. Shule iliyopokea kompyuta kumi na tano hubaki na nane, kisha tano, kisha chumba chenye kufuli, na ufunguo anao prefe, yaani mkuu wa shule.

Watu wa nje wakikiona chumba hicho husema ni uzembe. Mimi naona hofu. Hati inasema kompyuta ni mali ya shule na haziruhusiwi kuuzwa. Haisemi ni nani mwenye mamlaka ya kutamka kwamba mashine fulani imekufa, amwandikie nani, na aitoe kwa njia ipi. Prefe akimruhusu fundi achukue vipuri vya tano ili kufufua tatu, kesho atakuja mkaguzi, au mtu wa mradi mwingine, ahesabu kumi badala ya kumi na tano, na neno wizi litatajwa mbele ya walimu. Kwa hiyo anazilinda zote, nzima na mbovu, hadi zote ziwe mbovu. Nimewahi kuonyeshwa daftari la mali lililo safi kabisa, hakuna namba iliyopotea, na ndani ya chumba hakukuwa na mashine hata moja iliyowaka. Aliyenionyesha alijivunia daftari lile, na alikuwa na haki ya kujivunia, kwa maana ndicho kitu pekee alichoombwa akitunze.

Wanaojua namna kompyuta inavyozeeka wako Birere. Katika mtaa huo uliobanana kati ya katikati ya mji na mpaka wa Gisenyi, Rwanda, mafundi wa simu, redio na kompyuta hukaa vibarazani, meza kwa meza. Mama anafika na laptopu ya binti yake anayesoma chuo kikuu, kaifunga ndani ya kitenge.

“Fundi, itapona kweli?”

“Itapona, mama. Niachie hadi Jumamosi. Na chaja uiache pia.”

Anaifungua kwa bisibisi ndogo, anapuliza vumbi, anasugua bodi kwa mswaki uliochovywa kwenye spiriti, anapima umeme hatua kwa hatua mpaka apate mahali unapopotelea. Kapasita iliyovimba anaing’oa, anaweka nyingine aliyoitoa kwenye bodi iliyokwisha kufa. Diski ya zamani inayozunguka anaiondoa, anaweka ile isiyo na sehemu inayozunguka, na mashine ya miaka kumi inawaka kwa muda mfupi kuliko ilivyokuwa mpya. Betri ya laptopu iliyokataa kuchaji anaipasua kwa uangalifu. Ndani mna seli sita, kila moja kipenyo chake milimita 18 na urefu milimita 65, na mara nyingi zilizokufa ni moja au mbili tu. Nne nzima zinakwenda kwenye tochi, kwenye taa ya kibanda cha mama muuza samaki aina ya sambaza, au kwenye kisanduku cha kuchajia simu. Skrini inahama kutoka mwili mmoja kwenda mwingine. Kibodi ya AZERTY inatafutwa wiki nzima kwa sababu mashine iliyotoka Dubai ilikuja na QWERTY na mteja ni karani anayeandika Kifaransa.

Hakuna mradi niliowahi kuusoma uliorefusha maisha ya kompyuta za mji huu kama meza hizo zilivyorefusha, na hakuna aliyeziandikia pendekezo. Sisemi hivyo ili kuwasifu mafundi tu. Nasema kwa sababu kila mpango wa taka za kielektroniki unaoanza kwa kuwaita sekta isiyo rasmi itakayobadilishwa na kiwanda umeshaanza vibaya. Kutumia tena ndiyo sehemu ngumu na yenye faida kubwa zaidi kwa mazingira, kwa kuwa sehemu kubwa ya nishati ya laptopu hutumika kuiunda, kabla haijawashwa mara ya kwanza. Kazi hiyo Birere inaifanya kila siku.

Wimbi lingine liko njiani. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitunza Windows 10, na mashine nyingi mno duniani, vifaa vyake vikiwa vizima, hazipokelewi na Windows 11. Ofisi za Ulaya zinazitoa, na zitatafuta soko. Fundi anayejua kuweka Ubuntu, mfumo wa bure ulioanzishwa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, au mojawapo ya mifumo myepesi inayotokana nao, anaweza kuipa mashine ya namna hiyo miaka mingine mitano. Akiongeza programu ya Kiwix, darasa la mtaa wa Ndosho lisilo na intaneti linasoma Wikipedia nzima kutoka kwenye diski. Mafunzo hayo ni ya siku chache. Ningependa kuona mradi unaolipia siku hizo badala ya kununua mashine mpya zenye vibandiko vipya.

Sasa diski. Hapa ndipo ninapoogopa kuliko kwenye sumu yoyote. Ofisi za Goma hazikuwa zikiandika mambo mepesi. Ndani ya mashine zake mlikuwa na orodha za watu waliokimbilia kambi za Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na Rusayo: majina, vijiji walikotoka, idadi ya watoto, namba za simu. Mlikuwa na mafaili ya wanawake waliobakwa, na maelezo ya watu waliotaja makundi na makamanda. Mlikuwa na majina ya vijana waliotoka msituni wakaacha silaha. Kambi hizo zilivunjwa Februari 2025, watu wakatawanyika. Orodha hazikutawanyika nao. Zilibaki kwenye diski, na diski inauzika.

Watu wengi huamini kwamba wakifuta mafaili na kumwaga ndoo ya taka ya kompyuta, kazi imekwisha. Haijaisha. Kufomati kwa haraka huondoa faharasa tu, maandishi yenyewe yanakaa mahali pake hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Programu za bure za kurejesha picha za harusi zilizofutwa kwa bahati mbaya hurejesha pia orodha ya mashahidi, na kijana yeyote mwenye subira anaweza kuzitumia. Diski inayozunguka inabidi iandikwe upya yote, mwanzo hadi mwisho, kazi inayoweza kula saa kadhaa za umeme usio na uhakika. Ile isiyozunguka ina amri yake ya ndani ya kujifuta, na wachache wanaifahamu. Na siku ofisi inapokimbiwa, hakuna mwenye saa kadhaa. Kwa hiyo kinga inayofaa Goma ni moja: data zisimbwe kwa fiche siku kompyuta inapotolewa kwenye boksi, ili asiye na nywila asione chochote, hata kama mashine imetoka kwa dirisha. Huduma hiyo imo ndani ya matoleo ya kiofisi ya Windows na ndani ya Linux, wala hailipiwi zaidi. Shirika linaloandika majina ya waliobakwa bila kufanya hivyo limewaweka watu hao hatarini, hata likiwa na nia njema kiasi gani.

Birere hutumia kila kitu chenye bei. Tatizo ni kwamba kisicho na bei ndicho chenye sumu. Skrini kubwa za zamani, zile zenye mgongo, zina risasi kwenye kioo cha nyuma, na katika moja kubwa inaweza kuzidi kilo moja. Shaba yake inatolewa, kioo kinavunjwa kinatupwa. Nyuma ya skrini bapa za kwanza mna taa nyembamba zenye zebaki. Bodi zilizotengenezwa kabla ya Julai 2006, Ulaya ilipoanza kuzuia risasi kwenye vifaa vya umeme, zimeunganishwa kwa lehemu ambayo zaidi ya theluthi yake ni risasi, na bodi za miaka hiyo bado hazijaisha mjini. Waya huchomwa ili shaba ipatikane, na moshi wa plastiki yake una dioksini. Anayechoma mara nyingi ni mtoto. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti kuhusu watoto na majalala ya kielektroniki mwezi Juni 2021, na kuhusu risasi msimamo wake haujabadilika: hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa ubongo wa mtoto.

Mji mwingine ungechimba shimo. Goma imekaa juu ya lava, na hapa hata shimo la choo ni kazi ya nyundo na nondo kwa siku nyingi. Ndiyo maana taka zetu hubaki juu ya ardhi, kando ya njia na kwenye viwanja vitupu. Mawe hayo yamejaa nyufa. Mvua ikinyesha maji hayatuami, yanapenya na kushuka kuelekea ziwani, na ziwani ndiko shirika la maji la REGIDESO linakovuta maji, ndiko watoto wanakojaza mabidoni. Hatuna udongo mzito wa kushika sumu njiani.

Mombasa imeshatuonyesha risasi inavyofanya ikiachwa karibu na makazi. Mtaani Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kuanzia 2007 hadi 2014. Watoto waliugua, akiwemo mtoto wa Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, na mama huyo akapigana hadi kikafungwa. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman, na Julai 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kile kilikuwa kiwanda chenye leseni. Betri ya UPS ya kawaida ina uzito wa zaidi ya kilo mbili, sehemu kubwa yake ikiwa risasi, na zilizokufa mjini Goma zimo ndani ya maboksi chini ya vitanda, nyuma ya ofisi na kwenye mizigo ya wanunuzi wa vyuma chakavu. Hakuna aliyezihesabu.

Haiwezekani kuandika habari hizi Kivu bila kutaja migodi. Rubaya, kule Masisi, hukadiriwa kutoa takriban asilimia 15 ya tantalamu ya dunia, na iko mikononi mwa M23 tangu Aprili 2024. Tantalamu hutengenezewa kapasita ndogo sana zinazotulia hata kwenye joto. Bisie, Walikale, hutoa bati, na karibu nusu ya bati yote duniani huishia kwenye lehemu, kama ile ya bodi anazosugua fundi wa Birere. Madini hayo hutoka hapa yakiwa mchanga, yakarudi yakiwa mashine iliyochoka. Wengi wamekwisha kulisema hilo, na mimi nina nyongeza moja tu. Kiwanda kizuri cha Ulaya kikiyeyusha bodi, hupata dhahabu, fedha, shaba na paladiamu. Tantalamu hupotea kwenye takataka za tanuri. Utafiti wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa wa 2011 uliweka urejeshaji wake kutoka vifaa vilivyokufa chini ya asilimia 1. Kile ambacho vijana wa Rubaya hukifia mashimoni hutumika mara moja, kisha basi. Kila mwaka ambao laptopu inaongezewa kwenye meza ya Birere ni mwaka ambao tantalamu yake bado inafanya kazi, na sijui hesabu nyingine yenye uzito zaidi ya hiyo kwa mtu wa Kivu Kaskazini.

Karatasi za sheria zipo. Mkataba wa Basel, wa kudhibiti kuvushwa kwa taka za hatari mipakani, ulianza kutumika 1992; ule wa Bamako, ambao Waafrika waliuandika wenyewe 1991 kwa sababu Basel haikuwatosha, ulianza 1998. Kongo ni mwanachama wa yote miwili, na ina sheria yake ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011. Tangu 1 Januari 2025, kufuatia pendekezo la Ghana na Uswisi lililopitishwa 2022, taka zozote za kielektroniki, za hatari na zisizo za hatari, hazivuki mpaka bila taarifa ya maandishi na ridhaa ya nchi inayopokea. Lengo ni kuilinda nchi kama yetu isigeuzwe jalala. Tazama sasa inavyokuwa Goma. Bugesera, kusini mwa Kigali, kuna kituo kilichojengwa kwa fedha za mfuko wa kijani wa Rwanda na kuendeshwa na Enviroserve, chenye uwezo wa kupokea tani 10,000 kwa mwaka. Kutoka hapa ni kama kilomita 200, lami mwanzo hadi mwisho. Mlango wa kwenda huko unaonekana kutoka Birere. Lakini barua ya kuomba kibali inapaswa kutoka kwa mamlaka ya Kinshasa, ambayo haiwezi kukagua shehena iliyoko Goma, na wanaoushika mji hawana sahihi inayotambulika katika mkataba. Kinshasa kwenyewe, ambako Benelux Afro Center ilijenga kazi ya kukusanya na kufumua taka hizi kwa msaada wa WorldLoop ya Ubelgiji, ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa anga, na hakuna barabara ya kupitisha lori. Tunachoweza kukifikia hatuna kibali nacho, na tunachoruhusiwa hatukifikii.

Mipango mikubwa imekwama hata penye amani. Mwaka 2008 UNIDO, shirika la viwanda la Umoja wa Mataifa, na Microsoft walisaidia kuanzisha mjini Kampala kituo cha kufufua kompyuta, Uganda Green Computers Company. Bajeti ya Uganda ya mwaka uliofuata ikatangaza marufuku ya kuingiza kompyuta, friji na televisheni zilizotumika. Mkono mmoja ulikuwa unafungua karakana, mwingine unafunga lango la malighafi yake. Mjini Accra, Wajerumani wa shirika la GIZ walijenga karakana ya mafunzo na zahanati kwa ajili ya wafumuaji wa taka za kielektroniki wa Agbogbloshie. Julai 2021 serikali ilibomoa eneo hilo, na wafanyakazi wakahamishia moto wao vichochoroni. Katika visa vyote viwili watu wa mradi walifanya kazi yao vizuri. Aliyekuwa na uwezo wa kuitengua hakuwa mezani.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 inasema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Afrika haifiki asilimia 1. Mbele ya tarakimu hizo mtu hutamani kiwanda. Mimi sioni kiwanda Goma kwa miaka ijayo, na sitaki tuahidiwe. Naona vitu vidogo zaidi, vinavyowezekana hata mji ukiwa katika hali hii.

Close the Gap ya Brussels, iliyoanza 2003 kwa kukusanya kompyuta za makampuni na kuzipeleka Afrika, ndiyo iliyoanzisha WorldLoop baadaye, kwa wazo kwamba sehemu ya fedha za kila kompyuta itengwe kwa ajili ya mwisho wake. Wazo hilo linaweza kufanyiwa kazi hapa bila kumsubiri yeyote. Fedha ya kuizika mashine ikatwe siku inaponunuliwa, mradi ukiwa bado na fedha, iwekwe mikononi mwa chama au chuo kitakachobaki mjini. Mafundi wa Birere walipwe kwa kilo kwa vile wasivyoweza kuviuza: kioo chenye risasi, taa zenye zebaki, betri za UPS zikiwa na asidi yake ndani, bodi zilizokwisha kunyofolewa. Wakilipwa hivyo hawahitaji kuhubiriwa kuhusu mazingira. Vitu hivyo vihifadhiwe ndani ya kontena kavu juu ya sakafu ya saruji, vimepimwa na kuandikwa, hata kama vitakaa humo miaka mitano vikingoja kibali cha kwenda Bugesera. Kontena lililofungwa si suluhisho la mwisho, lakini halichuruziki ziwani.

Na kwenye hati ya makabidhiano yaongezwe maneno machache. Kwamba prefe au mkuu wa kituo cha afya, pamoja na fundi mmoja na mjumbe mmoja wa wazazi au wa kamati ya afya, wana haki ya kutangaza kwa maandishi kwamba mashine imekufa. Kwamba ikishatangazwa, vipuri vyake vinaweza kutumika kufufua nyingine bila mtu kuitwa mwizi. Kwamba diski hutolewa kwanza, inafutwa yote au inapasuliwa mbele ya hao watatu. Kwamba mabaki hupelekwa kwenye kontena na risiti inabandikwa ndani ya daftari la mali, mahali pa namba iliyofutwa. Wanafunzi wa chuo cha ufundi cha ISTA wanaweza kuwa hao mafundi wakati wa mafunzo yao ya vitendo, na wengi wangefurahi.

Mashirika yanayorudi Goma hivi sasa yanaandika mapendekezo mapya. Katika kila pendekezo kuna jedwali la bajeti, na ndani yake kuna kichwa cha vifaa, na chini yake safu ya kompyuta na bei zake. Mstari wa kulipia mwisho wa kompyuta hizo ukae hapo chini, baada ya ule wa UPS.